Kijipira cha gofu na shavu la mtoto lililovimba

Mwezi huu naanza na mchezo ambao wengi wetu hapa Ngara hatujauona kwa macho. Unaitwa gofu. Mchezaji hushika fimbo, hupiga kijipira cheupe kigumu, kisha hukifuata kwa miguu mpaka kitumbukie katika kishimo chenye bendera. Mashimo ni 18, na uwanja wake ungetosha migomba ya ukoo mzima. Ni mchezo wa wenye nafasi, sikatai. Lakini kuna watoto wagonjwa wa kansa waliopona kwa fedha zilizotokana na kijipira hicho.

Huko Marekani aliishi msanii mchekeshaji aitwaye Danny Thomas, mtoto wa wahamiaji Wakatoliki kutoka Lebanoni. Alipokuwa kijana, kazi haieleweki na nyumbani kuna mtoto wa kulisha, alimwomba Mtakatifu Yuda Tadei amwonyeshe njia, akaahidi kumjengea mahali pa kumheshimu. Mambo yake yalipomnyookea hakuisahau ahadi. Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali ya watoto katika mji wa Memphis, ikapewa jina la mtakatifu huyo, na wazazi hawapewi hati ya kulipa. Fedha zitoke wapi basi? Ndipo mwaka 1970 mashindano ya gofu ya mji ule yalipoanza kubeba jina la Danny Thomas, na mapato yakaenda hospitalini. Makampuni hulipa ili majina yao yaonekane uwanjani, matajiri hulipa ili wacheze siku moja na mabingwa, na watazamaji hununua tiketi. Mwaka 1977 Gerald Ford, aliyekuwa ametoka kwenye urais mwezi Januari, alipiga mara moja tu na kijipira kikaingia shimoni! Mwenyewe Thomas alifariki mwaka 1991, lakini mashindano yanaendelea hadi leo.

Matunda yake ni haya. Hospitali ile ilipofunguliwa, katika watoto 100 wenye kansa ya damu ya aina inayowapata watoto zaidi, walipona kama 4. Sasa hapo hupona kama 94. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye kansa hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo, likishirikiana na hospitali hiyo ya Memphis, lilianzisha mpango wa kufikisha wanaopona angalau 60 katika 100 ifikapo mwaka 2030.

Sasa turudi kwetu. Kansa moja ya watoto ilielezwa hapa jirani, Uganda, na Dokta Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kama maili 10,000, wakapita na Tanganyika, wakiuliza katika hospitali, nyingi zikiwa za misheni. Waligundua kwamba ugonjwa huo unapatikana zaidi penye joto na mvua, yaani penye malaria. Kwetu upo.

Nami niliukuta, na sikuutambua. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa nesi kijana. Mama mmoja alileta mtoto, shavu limevimba, meno yanacheza. Nikadhani ni jipu la jino. Nikampa penisilini na kumrudisha nyumbani. Aliporudi baada ya wiki mbili jicho lilikuwa limesukumwa nje. Uvimbe huu hukua kwa haraka mno, unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mtoto yule hatukuwa naye muda mrefu. Tangu hapo kila shavu lililovimba nalipapasa mwenyewe.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, meno ya mtoto yakilegea kabla ya wakati wake na taya limevimba, msikubali kuambiwa mara ya pili kwamba ni jino tu. Msimpeleke kuchanjwa. Tumbo likiwa gumu upande mmoja wakati wa kumwogesha, msilikandekande, mleteni. Mboni ya jicho ikimulika nyeupe kama jicho la paka gizani, hiyo ni ya wiki hii, si ya baada ya mavuno. Hali kadhalika homa isiyoisha ingawa malaria imetibiwa, pamoja na weupe wa viganja na kutoka damu puani.

Sisi tutawaandikia rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Safari ni ndefu, ingawa tangu Juni 2025 kuna daraja pale Busisi na basi halisubiri tena kivuko. Huko hukata kinyama kidogo wakapime, kisha dawa za dripu huanza, kwa mizunguko. Nywele hunyonyoka, nazo huota tena.

Hapa ndipo tunapopoteza watoto wengi ambao wangepona. Baada ya mzunguko wa kwanza uvimbe hunywea, shavu likawa kama halikuwahi kuugua. Baba anapiga simu: maharage yanaoza shambani, wadogo wamebaki na jirani, fedha ya chakula imekwisha, rudini. Wanarudi. Baada ya muda uvimbe nao unarudi, na safari hii dawa zile hazina nguvu kama mwanzo. Simlaumu baba yule. Hata dawa ikitolewa kwa msaada, nauli hailipwi na dawa.

Sisi hatuna uwanja wa gofu. Tuna mnada wa ndizi na kuku baada ya Misa. Mwaka jana bibi mmoja alinijia na mjukuu wake.

“Bibi, uvimbe huu una siku ngapi?”

“Siku nane, mwanangu. Walisema ni jino, nikakataa.”

Jumuiya yao ilinadi mikungu na jogoo mmoja, ambaye alinunuliwa na kurudishwa mara tatu anadiwe upya. Ikapatikana nauli ya kwenda na kurudi na ya kununua unga. Wengine walimlimia shamba. Mtoto alimaliza mizunguko yote, na sasa anatafuna mahindi ya kuchoma. Bado anatakiwa kurudi kliniki kuangaliwa. Nauli ya safari ijayo imefika nusu, na bibi ameniuliza kama katika parokia ya jirani nako kuna watu wanaopenda jogoo.