Malaria ikipanda kichwani, sukari huisha

Ndugu wanakikundi, huku kwetu Voi na Taveta malaria tunaijua. Lakini wengi hatujui kwamba ikiingia kwenye ubongo, mara nyingi sukari ya damu nayo hushuka, hasa kwa watoto wadogo.

Kwa nini? Ubongo hauna ghala la chakula. Wategemea sukari inayoletwa na damu kila dakika. Mtoto mgonjwa hataki kula, tena anatapika. Homa inachoma sukari nyingi. Vijidudu vya malaria navyo vinaila. Ini, ambalo kazi yake ni kutoa akiba, linashindwa. Basi ubongo ambao tayari ni mgonjwa unakosa pia chakula. Mtoto anashikwa na degedege au anazirai. Hilo si pepo, ni ugonjwa.

Tufanye nini? Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kama yuko macho na anameza, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai, visijae lundo, katika kikombe cha maji safi (mililita 200). Akiwa amezirai usimnyweshe kitu, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu.

Hospitalini watapima sukari kwa tone la damu. Ikiwa imeshuka, atatiwa glukosi kwenye mshipa, pamoja na dawa ya malaria. Akicheleweshwa anaweza kufa, au apone na ulemavu.

Kwa hiyo kila kikundi kiweke akiba ya nauli ya dharura. Na je, mwajua ni nani kijijini mwenye pikipiki usiku? Ulizaneni leo.