Baada ya Upasuaji wa Kifundo cha Mkono, Nguvu Hurudi Polepole

Wauzaji wengi katika soko la Gakoromone, mjini Meru, hutegemea mikono yao kukata sukuma wiki, kuambua njegere na kubeba ndoo za viazi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinapokufa ganzi, hasa usiku, huenda neva inayopita kwenye kifundo cha mkono imebanwa. Ugonjwa huu huitwa kapali taneli. Matibabu mengine yasipofaulu, daktari hukata ukano unaoibana neva hiyo.

Baada ya upasuaji, maumivu ya usiku mara nyingi hutulia mapema. Hata hivyo, mkono huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa awali, na wengine hudhani upasuaji umeharibika, wakaacha kliniki. Udhaifu huo ni wa kawaida. Kwa wengi, nguvu hurudi kiwango cha awali baada ya takriban miezi 3.

Maendeleo hupimwa kwa njia tatu:

Nguvu: Mgonjwa hukamua kifaa maalum mara 3, na wastani huandikwa kwa kilo. Kisha hubana kifaa kidogo kwa vidole, kama anayeshika ufunguo.

Hisia: Akiwa amefumba macho, huguswa kidoleni kwa ncha mbili. Kidole chenye afya huzitambua kuwa ni mbili hata zikiachana kwa milimita 5 tu.

Kazi za kila siku: Huulizwa kuhusu kazi 8, zikiwemo kufunga vifungo, kuandika na kubeba kikapu. Alama 1 ni kufanya bila shida. 5 ni kushindwa kabisa.

Namba hizi zina maana zikilinganishwa na za mgonjwa mwenyewe. Kwa hivyo, omba upimwe kabla ya upasuaji, na uhifadhi matokeo katika daftari lako la kliniki. Usirudie kubeba magunia kabla ya kuruhusiwa na mhudumu wako.

Usichelewe pia kutafuta matibabu. Musuli ya chini ya kidole gumba ikishakonda, huenda isirudi kikamilifu hata baada ya upasuaji.

Rudi hospitalini mara moja ukiona usaha, wekundu unaoenea, homa, au ganzi inayozidi. Kwa anayeanza kuhisi dalili, aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye.