Watoto wa Nguruwe Wanaohara: Adui Yumo Kinyesini

Mkulima, umemlisha nguruwe jike wako miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, naye amezaa watoto kumi wazuri. Baada ya juma moja au mawili watoto wanaanza kuhara majimaji ya manjano au meupe. Wanakonda, macho yanaingia ndani, na wengine wanakufa. Fedha ulizotumaini kulipia karo zimepotea. Jirani atasema ni baridi tu. Baridi huongeza shida, lakini mara nyingi mwuaji ni virusi vya tumboni.

Virusi ni vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni. Hutoka katika kinyesi cha nguruwe mmoja na kuingia mdomoni mwa mwingine, kwa njia ya hori, chuchu za mama zilizo chafu, au viatu vyako mwenyewe. Vikifika tumboni huharibu ngozi laini ya utumbo, ile inayofyonza chakula. Basi maziwa hupita bure, na maji ya mwili hutoka pamoja nayo. Mtoto hufa kwa kukaukiwa na maji.

Tena, virusi hivi si vya namna moja. Chukua rotavirusi, ambavyo huwapata sana watoto wa nguruwe. Viko katika makundi kadha, na chembe zake za urithi zimegawanyika vipande 11. Aina mbili zikikutana katika tumbo la nguruwe mmoja, zaweza kubadilishana vipande na kuzaa aina ya tatu. Ni kama mahindi mekundu na meupe yakipandwa karibu: mavuno hayatakuwa ya rangi moja.

Jambo hili liko hapa kwetu. Wataalamu walichunguza kinyesi cha nguruwe wa Afrika Mashariki, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Nguruwe wale walionekana wazima, lakini kinyesi chao kilikuwa na virusi vya aina nyingi. Maana yake ni kwamba huwezi kumjua nguruwe mwenye virusi kwa kumtazama tu.

Yafaa uelewe jambo moja hapa. Nguruwe jike aliyekaa kwako siku nyingi amezizoea aina zilizomo bandani mwako, naye huwapa watoto kinga katika maziwa yake. Lakini kinga hiyo huenda isifae kwa aina ngeni. Watu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa nguruwe, mgeni huweza kuja mwenyeji akafa.

Marekani walijifunza hayo kwa hasara kubwa. Kuna ugonjwa mwingine wa kuhara, wa virusi vya jamii ya korona, ulioonekana kwanza Uingereza mwaka 1971. Mwaka 2010 aina yake iliyo kali zaidi ilitokea Uchina. Mwaka 2013 ugonjwa ukaingia Marekani, na virusi vyake vilifanana sana na vile vya Uchina. Ukaua mamilioni ya watoto wa nguruwe kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Ilionekana pia kwamba malori yaliyopeleka nguruwe machinjioni yaliweza kurudi na kinyesi chenye ugonjwa.

Basi fanya hivi:

1. Nguruwe mgeni, hata dume la kuazima, akae peke yake mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wengine.

2. Kabla jike hajazaa, kwangua kinyesi chote, osha banda kwa maji ya moto na sabuni, liache likauke vizuri. Dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Mwoshe mama chuchu.

3. Kila mtoto anyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, mapema siku ile ile ya kuzaliwa. Huzaliwa bila kinga, na baada ya siku moja hivi tumbo lake haliwezi tena kuipokea.

4. Hudumia watoto wazima kwanza na wagonjwa mwisho. Viatu vya banda visitoke nje. Mnunuzi na lori lake wasifike mlangoni pa banda.

5. Anayehara apewe joto, aendelee kunyonya, na apewe maji yaliyochemshwa yakapoa: lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Usikimbilie kununua dawa za kuua bakteria dukani, kwa sababu haziui virusi. Mwite Bwana Mifugo aangalie kama kuna ugonjwa mwingine. Na kama nguruwe wakubwa nao wana homa na wanakufa, usichinje wala usiuze hata mmoja. Toa habari siku hiyo hiyo, maana yaweza kuwa homa ya nguruwe.

Koleo, ufagio na sabuni havigharimu fedha nyingi. Watoto kumi wakikua wote, utaona faida yake siku ya kuuza.