Je, Wajua? Majimaji ya mwili yasiyo na pampu

Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, lita kadhaa kila siku. Moyo hauisukumi. Husogezwa na misuli na pumzi mpaka irudi kwenye damu karibu na mtulinga, na njiani huchujwa na tezi, zilezile zinazovimba tukasema mtu ana mitoki.

Tezi hizo ndizo pia chanjo huzitegemea. Kuanzia Agosti 2018, watu zaidi ya 300,000 wa Beni, Butembo na kwingineko mashariki mwa Kongo walichanjwa dhidi ya Ebola, sindano ikidungwa karibu na bega. Kazi kubwa ya chanjo hiyo hufanyika kwapani: ndani ya tezi za hapo, seli nyeupe hujifunza kumtambua adui. Ebola nayo ni janja, huteka seli za ulinzi na kusafiri nazo hadi kwenye tezi hizohizo.