Aongozaye Shule Alitoka Kazi Gani?

Katika Kagugu, Kata ya Kinyinya, Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, iko shule ambayo watoto wake huhesabiwa kwa maelfu. Nchini Rwanda shule zenye madarasa ya msingi na ya sekondari pamoja huwekwa chini ya mwalimu mkuu mmoja. Huyo ndiye apangaye zamu za asubuhi na alasiri pale madarasa yasipotosha, atunzaye hesabu za fedha, asuluhishaye ugomvi wa walimu na apokeaye wazazi wenye malalamiko. Juu ya yote hayo, mtoto asipojua kusoma, yeye ndiye wa kuulizwa. Ni haki basi kwa mzazi kutaka kujua: aliyekabidhiwa mzigo huu alitoka kazi gani, na kazi hiyo ilimfundisha nini?

Njia iliyozoeleka huanzia darasani. Kijana humaliza chuo cha ualimu akafundisha shule ya msingi, au huhitimu chuo kikuu akafundisha sekondari. Baada ya miaka kadhaa huwa naibu anayesimamia masomo au nidhamu, na hatimaye mwalimu mkuu. Njia hii ina faida kubwa, kwani mtu wa namna hiyo akisimama mlangoni mwa darasa hutambua upesi kama watoto wanafahamu au wanaitikia tu kwa pamoja. Hata hivyo ina upungufu wake. Kufundisha hesabu hakumzoezi mtu kukadiria matumizi ya mwaka, kumsimamia fundi anayejenga vyoo, wala kumwonya mwenzake ambaye jana walikunywa chai meza moja. Hivyo mwalimu hodari aweza kupandishwa cheo, darasa likapoteza mwalimu wake na shule isipate kiongozi.

WALIOTOKA NJE YA DARASA

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda haikuwa na nafasi ya kushikilia njia moja. Walimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania walikuja na ujuzi wa kila aina. Mwaka 1997 taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, ilipoanzishwa, iliwekwa katika majengo yaliyokuwa chuo cha maofisa wa jeshi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Silas Lwakabamba, mhandisi aliyepata kuwa Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye, kati ya mwaka 2014 na 2015, alikuwa Waziri wa Elimu. Kabla yake wizara hiyo ilipata kuongozwa na Profesa Romain Murenzi, mwanafizikia, na Dakta Vincent Biruta, tabibu, aliyeishika toka mwaka 2011 hadi 2014.

Mhandisi au tabibu aweza kuiongoza wizara vema, kwa kuwa amezungukwa na wataalamu wa kumweleza ya darasani. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani hana wataalamu hao. Asichokijua yeye, mara nyingi shule nzima hukikosa.

Majeshi nayo yametoa viongozi wa shule. Nchini Tanzania, Shule ya Sekondari Makongo ya Dar es Salaam, iliyo chini ya Jeshi la Wananchi, iliongozwa kwa miaka mingi na Kanali Idd Kipingu, ikajulikana nchi nzima hasa kwa michezo. Askari anayekabidhiwa shule huja na mambo ya thamani: kutunza saa, kukagua mara kwa mara, kuandika kila kifaa kilichotoka na kilichorudi, na kujua hali ya kila aliye chini yake. Lakini mtoto wa miaka saba si kuruta. Akikosea hesabu hafai kukaripiwa. Yafaa aulizwe ni wapi alipopotea. Afisa asiyelitambua hilo atapata paredi nzuri na madaftari matupu.

UJUZI WA PILI

Ili kuuziba upungufu huo, Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa ushirikiano na shirika la Ubelgiji VVOB, kimewafundisha walimu wakuu walio kazini stashahada ya uongozi wa shule. Mwongozo wa kazi yao unataja mambo 5: kuipa shule mwelekeo, kuongoza kujifunza kwa watoto, kuongoza ufundishaji wa walimu, kuendesha shule yenye watu na mali, na kushirikiana na wazazi na jamii. Mawili kati ya hayo mtu aweza kuyapata darasani. Matatu yaliyobaki hana budi kufundishwa. Tanzania nayo, mwaka 2001, iliunda Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, huko Bagamoyo, kutokana na chuo kilichoitwa MANTEP.

Mafunzo hayo si pambo. Mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua Kiingereza kitumike kufundishia, na walimu wakuu waliosoma kwa Kifaransa wakalazimika kuongoza mageuzi hayo huku nao wakijifunza. Katika miaka hiyo hiyo Kagugu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo kupata kompyuta ndogo za watoto. Mashine hizo zilitaka umeme, kabati za kufungia na walimu wa kuzitumia, mambo ambayo cheti cha ualimu cha zamani hakikuyagusa.

Kwa jamaa za askari na polisi jambo hili lina uzito wa pekee. Baba au mama hupangiwa kituo kipya, mtoto akaingia shule ngeni katikati ya mwaka, na mzazi aliye doria hawezi kufika kila wiki. Yafaa basi yule abakiye nyumbani aende shuleni mapema, aulize kwa adabu: Mwalimu mkuu alifundisha somo gani, na kwa miaka mingapi? Je, bado huingia madarasani kusikiliza masomo? Amepata mafunzo ya uongozi? Hesabu za fedha husomwa mbele ya wazazi? Asipokuwapo, ni nani ashikaye shule?

Mwalimu mkuu aijuaye kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo. Atavuta kiti, amkaribishe mzazi, kisha naye aulize habari za mtoto.