Chakula Kizuri Kisitupwe, Kibovu Kisiliwe

Wahenga walisema akiba haiozi. Twaiheshimu hekima hiyo, lakini kila mwenye gunia la mahindi nyumbani ajua kwamba akiba ya nafaka huoza, tena upesi, ikikosa matunzo. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo hili, na hasa na ndugu zetu wa Manchira, wilayani Serengeti katika Mkoa wa Mara.

Mkulima wa sehemu zile hupata mavuno kwa taabu. Hulima mahindi, mtama, ulezi na muhogo jirani na hifadhi kubwa ya wanyama, na mazao yakikaribia kukomaa hulazimika kukesha shambani akifukuza tembo. Je, si jambo la kusikitisha kwamba chakula kilichookolewa na tembo kiliwe na dumuzi nyumbani? Mdudu huyu, ambaye wengine humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo amekuwa mgeni asiyeaga.

Upotevu wa chakula si wa vijijini peke yake. Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya 2024, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba katika kila mafungu kumi, sita yalitupwa majumbani. Wala asiseme mtu kuwa hayo ni mambo ya matajiri. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba nyumba za nchi zenye kipato cha kati hazipishani sana na zile za nchi tajiri.

Kwa maoni yetu, yako makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kutupa kilicho kizuri. Yako maneno mawili katika paketi za dukani ambayo hayana maana moja. "Bora kabla ya" ni habari ya ladha na ubora. "Mwisho wa matumizi" ni onyo la usalama, nalo lazima litiiwe. Mnunuzi na asome tarehe kabla ya kutoa fedha yake, na akikuta bidhaa iliyopitwa na wakati airudishe. Usimamizi wa usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania tangu 2019.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kula kibovu kwa kuogopa hasara. Mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa yetu ya kati. Kuyapika hakuiondoi, na kuyasaga hakuifichi ila machoni. Wako wanaosema, "Tuwape ng'ombe." Tunawaonya kwamba ng'ombe akiila, sumu humfikia mtoto kwa njia ya maziwa.

Basi tufanye nini? Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kujua kama yamekauka, tia kiasi kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, kisha uache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yaliyokauka yachambuliwe, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa na kufungwa barabara. Humo wadudu hukosa pumzi na kufa. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Yenye ukungu yafukiwe shimoni.

Na kiporo tusikidharau. Ugali wa jana uliofunikwa vyema ni kifungua kinywa cha heshima. Lakini ukitoa harufu mbaya au ukiteleza kama kamasi, usimpe mtoto.

Kubana matumizi ni sifa njema, ila kuna mpaka wake. Debe moja la mahindi mabovu likifukiwa, hasara yake ni debe moja. Likiliwa, hakuna ajuaye hasara yake itaishia wapi. Twawaomba akina baba na akina mama wakague ghala zao leo, kabla mvua hazijanyesha.