Kopo la 'kukata mafuta' lililomtibulia Maradona Kombe la Dunia

JUNI 21, 1994, Foxborough, Marekani. Diego Maradona anapokea pasi nje kidogo ya boksi la Ugiriki, anauweka mpira kwenye mguu wake wa kushoto na kuachia shuti linalozama kona ya juu. Kisha anaifuata kamera ya televisheni mbio, macho yamemtoka, mdomo wazi, anapiga kelele dunia nzima imwone.

Argentina ilishinda 4-0 siku hiyo, Gabriel Batistuta akitupia 'hat-trick', lakini picha iliyobaki ni ile ya Maradona. Alikuwa na miaka 33. Wengi walishamzika kisoka, kwani alitoka kufungiwa miezi 15 kwa kokeini mwaka 1991 na mwili ulishaumuka. Ili aende Marekani, ilibidi apunguze uzito kwanza. Akaupunguza kweli, akarudi na kiuno cha kijana.

Siku nne baadaye Argentina ikaichapa Nigeria 2-1, mabao yote mawili yakiwa ya Claudio Caniggia. Filimbi ya mwisho ilipolia, mwanamama aliyevaa nguo nyeupe aliingia uwanjani, akamshika Maradona mkono na kumpeleka kwenye vipimo. Alitoka akitabasamu. Hakuichezea tena Argentina.

Mkojo wake ulikutwa na efedrini na kemikali nyingine nne za ukoo huohuo. FIFA ikamfungia miezi 15. Bila nahodha wao, Argentina walilala 2-0 kwa Bulgaria, kisha wakatolewa na Romania kwa mabao 3-2.

Kwa maelezo ya Maradona mwenyewe, kirutubisho alichozoea kukitumia nyumbani kiliisha wakiwa safarini, na mtu wa timu yake akanunua kingine dukani hapohapo Marekani. Jina lilikuwa lilelile. Kilichokuwa ndani, anasema, hakikuwa kilekile.

MMEA WENYEWE

Efedrini haikuanzia maabara. Inatoka kwenye mmea uitwao efedra, ambao Wachina wameutumia tangu enzi na enzi kutibu kikohozi na pumu. Kwa dozi ndogo na chini ya tabibu anayejua kazi yake, ulikuwa dawa.

Wafanyabiashara wa Marekani wakaugeuza kuwa dawa ya kukata mafuta. Efedra inakimbiza moyo, inabana mishipa ya damu, inapandisha joto la mwili na kuua hamu ya kula. Mtumiaji anajiona mwepesi na ana nguvu za kukimbia kutwa. Wengi waliichanganya na kafeini, na hapo moyo ukazidi kupelekwa puta.

Februari 2003, Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles mwenye miaka 23, alifika kambini Fort Lauderdale akiwa mzito. Alikuwa akitumia vidonge vyenye efedra ili apungue haraka. Alianguka mazoezini kwenye joto, na kesho yake, Februari 17, akafariki dunia. Daktari aliyechunguza mwili wake alisema efedra ilichangia joto la mwili kupanda hadi kumuua.

Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyote vyenye efedra. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kufuta kirutubisho sokoni.

'SI MITISHAMBA TU?'

Kopo la namna hiyo leo halihitaji safari ya Marekani. Liko gym, liko saluni, linauzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda. Mchezaji aliyerudi likizo na kilo za ziada anaogopa mzani wa kocha siku ya kwanza ya maandalizi ya msimu. Shabiki anayecheza bonanza la maveterani Jumapili anataka jezi isimbane tumboni. Wote wawili wanaambiwa neno moja: haina madhara, ni mitishamba tu.

Sanamaki ni mfano mzuri. Majani yake yamo kwenye chai nyingi za kupunguza unene. Kazi yake ni kuharisha, na inaifanyia kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mzani utasoma pungufu kesho yake, lakini kitambi kipo palepale. Aliyekunywa chai hiyo usiku, kisha akakimbia saa kumi jioni kwenye jua la Dar es Salaam, anaingia uwanjani hana maji wala potasiamu ya kutosha. Misuli inakaza, na moyo nao unaweza kupoteza mapigo yake.

Ubelgiji wana kisa kizito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya aristolokia, wenye sumu ya figo. Zaidi ya watu 100 waliharibikiwa figo. Baadhi walilazimika kupandikizwa figo nyingine, na wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Ini nalo halijasalimika. Chai ya kijani ya kawaida kwenye kikombe haina shida. Ila ikikamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge, mambo hubadilika. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu, EGCG, zinaweza kuashiria ini kuumia.

Kuna pia kopo linalosema mitishamba kwa nje huku ndani mna dawa ya kiwandani. Sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti kuihusisha na shambulio la moyo na kiharusi. Hadi sasa wakaguzi wa nchi mbalimbali wanaikuta imefichwa kwenye kahawa na vidonge vya 'asili'. Kwa mchezaji ni balaa mara mbili, maana WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, limeipiga marufuku wakati wa mashindano.

MZIGO NI WA MCHEZAJI

Sheria ya WADA haina kona. Kikikutwa mwilini mwako, ni chako. Kolo Toure aliligundua hilo mwaka 2011 akiwa Manchester City, alipofungiwa miezi sita baada ya kumeza vidonge vya kupunguza uzito vya mkewe. Ilikubalika kwamba hakukusudia kujiongezea nguvu. Bado alikaa nje.

Hata usajili wa dawa haumalizi kazi. Kwa Tanzania, dawa inapaswa kutambuliwa na TMDA, na za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kopo lisilo na usajili ni la kuacha dukani. Lakini lililosajiliwa bado mchezaji alipeleke kwa daktari wa timu kabla ya kulifungua, kwa sababu dawa halali hospitalini inaweza kuwa haramu uwanjani.

Shabiki naye, hasa mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo, amuulize daktari kwanza. Moyo ukienda mbio bila sababu, macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aache mara moja na kwenda hospitali akiwa na kopo lake mkononi.

FAINALI MBILI ZA SAKHO

Aprili 2016, Mamadou Sakho aliifungia Liverpool bao kwenye ile 4-3 dhidi ya Borussia Dortmund. Siku chache baadaye ikatoka taarifa kwamba sampuli yake ya mechi na Manchester United ilikuwa na higenamini, kiini cha mimea kilichokuwa kwenye dawa yake ya kuchoma mafuta. UEFA ikamsimamisha siku 30.

Mei 18 Liverpool ilicheza fainali ya Ligi ya Europa bila yeye na kulala 3-1 kwa Sevilla. Kikosi cha Ufaransa cha Euro, mashindano ya nyumbani kwao, kilitajwa bila jina lake.

Julai, UEFA ikaifuta kesi. Haikuwa wazi kwamba higenamini imo kwenye orodha ya marufuku, na jina lake liliandikwa waziwazi kuanzia orodha ya 2017. Novemba 2020, WADA ikamuomba radhi na kumlipa fidia.

Sakho alishinda kesi. Lakini Julai 10, 2016, Ufaransa ilipofungwa na Ureno 1-0 kwenye fainali pale Stade de France, beki huyo hakuwa hata benchi.